Dola 10,000 zimetoka, shilingi zimeingia pungufu: uhamisho kati ya akaunti za fedha za kigeni unaandikwaje?

Swali: "Shikamoo. Mimi ni mhasibu wa kampuni ndogo ya safari hapa Arusha, niko peke yangu ofisini. Tuna akaunti tatu benki, ya dola, ya yuro na ya shilingi, na vitabu vyetu viko kwa shilingi. Mwezi uliopita nilihamisha dola 10,000 kwenda akaunti ya shilingi. Programu ya uhasibu ilijaza yenyewe kiwango cha 2,500 ikaandika 25,000,000, lakini benki iliingiza 24,650,000, tena ikakata dola 20 pembeni. Ile 350,000 niliiandika gharama za benki ili salio likubali. Wiki hiyo hiyo nikahamisha yuro 4,000 kwenda akaunti ya dola, zikaingia dola 4,560. Hapo programu ikagoma kabisa, ikasema sarafu ya kigeni iwe moja tu. Nikaandika yuro kama matumizi na dola kama mapato. Sasa bosi ameona ripoti, anauliza hiyo hasara imetoka wapi, na hizo dola 4,560 ni malipo ya mgeni gani. Nifanyeje?"

Marahaba. Nianze na zile dola 4,560, maana ndizo zenye hatari. Hazijalipwa na mgeni yeyote. Ni fedha zenu wenyewe zilizohama akaunti, na fedha yako ikihama kutoka akaunti yako moja kwenda nyingine haiwi mauzo wala haiwi matumizi. Ulivyoandika, faida ya mwisho haikuyumba sana, kwa sababu matumizi ya uongo na mapato ya uongo yanakaribiana. Lakini mauzo yenu yamevimba kwa zaidi ya shilingi milioni 11, na Mamlaka ya Mapato (TRA) huangalia mauzo, si faida peke yake. Kuna jambo jingine la kukagua leo hii: shughuli za kuongoza watalii zinatozwa VAT, yaani kodi ya ongezeko la thamani, tangu Julai 2016, na programu nyingi huweka msimbo wa VAT wenyewe kwenye kila kitu unachokiita mapato. Fungua ingizo lile uone kama VAT imebebwa. Ikiwa imebebwa na ritani (taarifa ya kodi inayopelekwa TRA) bado haijawasilishwa, ondoa ingizo lote, upande wa yuro na upande wa dola, kisha uandike upya kwa njia nitakayoeleza. Ikiwa ritani imeshakwenda, soma mpaka mwisho kabla ya kugusa kitu.

Ile 350,000 ni kosa dogo zaidi, ila limewapata wengi. Wewe ulidhani programu ilijua kiwango sahihi na benki ikakukata. Mambo yako kinyume chake. Programu haikujua chochote kuhusu siku ile. Ilichukua kiwango kilichoingizwa mara ya mwisho, au ilikivuta kwenye intaneti kutoka chanzo ambacho hakiihusu benki yako. Kinachojua kilichotokea ni taarifa ya benki, nayo inasema mambo mawili tu: dola 10,000 zilitoka, shilingi 24,650,000 zikaingia. Ingiza hizo namba mbili kama zilivyo, uache kiwango kitokee chenyewe, yaani 24,650,000 ugawe kwa 10,000, unapata 2,465. Ukianza kwa kuandika kiwango, utaishia kutafuta pa kuficha tofauti, na ndivyo gharama za benki zilivyogeuka kuwa kapu la kila kitu.

Sasa tuje kwenye swali la bosi. Ili umjibu, lazima uone programu inavyozibeba dola. Kila akaunti ya fedha za kigeni ndani ya programu ina masalio mawili. La kwanza ni la sarafu yenyewe, ambalo lazima lilingane na benki hadi senti ya mwisho. La pili ni thamani ya dola hizo kwa shilingi, kama zilivyoandikwa siku zilipoingia au zilipothaminishwa upya mara ya mwisho, yaani zilipohesabiwa tena kwa kiwango kipya. Mgeni alilipa amana mwezi Februari kwa ajili ya safari ya Julai, dola zikaandikwa kwa kiwango cha siku ile. Kiwango kikabadilika, dola zikabaki zile zile. Siku unapozihamisha kwenda shilingi, unagundua kwamba thamani iliyokuwa kitabuni si ile uliyoipata mkononi. Hapo ndipo faida au hasara ya kubadilisha fedha inapojitokeza.

Tuseme kitabuni dola zako zilikuwa kwa 2,500, na siku ya uhamisho kiwango cha kati cha Benki Kuu, yaani katikati ya bei ya kununua na ya kuuza, kilikuwa 2,480. Basi 350,000 yako ina vipande viwili. Kipande cha kwanza ni 200,000: dola ilishuka kutoka 2,500 hadi 2,480 wakati fedha zimekaa kwenye akaunti. Hasara hiyo ingewapata hata msingehamisha chochote. Kipande cha pili ni 150,000: benki ilizinunua dola zako kwa 2,465 wakati kiwango cha kati ni 2,480, na hiyo shilingi 15 kwa kila dola ndiyo faida ya benki. Mwambie bosi hivyo hivyo. Kipande cha kwanza kimeletwa na soko. Cha pili ni bei ya huduma, na bei huzungumzika, hasa kwa kampuni inayobadilisha dola kila wiki. Wanaokumbuka miezi ya mwisho ya 2024, shilingi ilipoimarika kwa kasi dhidi ya dola, wanajua kipande cha kwanza kinavyoweza kuwa kikubwa kuliko cha pili mara nyingi.

Je, uviandike tofauti? Kwa kampuni ya ukubwa wenu, mimi ningeiweka 350,000 yote kwenye akaunti moja ya leja, "Faida na hasara ya kubadilisha fedha", kisha pembeni niwe na karatasi ya kila mwezi inayoonyesha kiwango cha benki na cha Benki Kuu kwa kila uhamisho. Karatasi hiyo ndiyo ya kwenda nayo kwa meneja wa tawi. Kuzitenganisha ndani ya leja kunaongeza kazi bila kubadilisha jibu, isipokuwa mkaguzi wenu akidai. Zile dola 20 ni jambo lingine kabisa: ni ada halisi ya benki. Ziandike kama gharama za benki kutoka akaunti ya dola, kwa mstari wake, kwa kiwango cha siku ile. Kwa 2,480 ni shilingi 49,600. Kama benki imekata pia kodi juu ya ada, fuata mistari ya taarifa jinsi ilivyo.

Kurekebisha sasa. Kama mwezi ule bado haujafungwa, fungua ule uhamisho, badilisha kiasi kilichoingia kiwe 24,650,000, kisha futa lile ingizo la gharama za benki la 350,000. Lazima ufanye yote mawili. Ukirekebisha uhamisho ukaacha ingizo la gharama, akaunti ya shilingi itapungua 350,000 na utaanza kutafuta upya. Kama mwezi umeshafungwa na ripoti zimeshatoka, usirudi nyuma. Andika jono moja (ingizo la marekebisho kwenye leja) mwezi huu: debiti hasara ya kubadilisha fedha 350,000, krediti gharama za benki 350,000, na kwenye maelezo taja tarehe ya uhamisho. Faida haibadiliki, kinachobadilika ni jina la hasara.

Kuna tofauti kati ya programu na programu ambayo inawachanganya hata wahasibu wazoefu. Baadhi, ukihamisha dola, huzitoa kwa thamani yake ya kitabuni na kuandika tofauti papo hapo kwenye hasara. Nyingine huzitoa kwa kiwango cha uhamisho wenyewe na kuiacha tofauti ndani ya akaunti ya dola mpaka mwisho wa mwezi. Chukua mfano huu, tuache ada pembeni. Akaunti ilikuwa na dola 18,000 kwa 2,500, yaani shilingi 45,000,000. Umetoa dola 10,000 ukapata 24,650,000. Kwenye programu ya aina ya pili, zimebaki dola 8,000 zenye thamani ya kitabuni ya 20,350,000. Ukigawa unapata 2,543.75 kwa dola, kiwango ambacho hakijawahi kuwepo mahali popote. Watu wakiona hivyo hushtuka na kuanza kuchokonoa. Tulia. Mwisho wa mwezi kiwango kikiwa 2,470, unathaminisha dola 8,000 upya zinakuwa 19,760,000, na programu inaandika hasara ya 590,000. Ndani yake mna 350,000 ya zile dola ulizohamisha, na 240,000 ya hizi zilizobaki, zilizoshuka kutoka 2,500 hadi 2,470. Programu ya aina ya kwanza ingekupa 350,000 siku ya uhamisho na 240,000 mwisho wa mwezi. Jumla ni ile ile.

Kwa hiyo kabla ya kuandika hasara kwa mkono, jua programu yako ni ya aina gani. Fungua ripoti ya akaunti ya dola inayoonyesha sarafu zote mbili, fanya uhamisho mmoja, uone kama mstari wa faida au hasara umejiandika. Na jaribio lisilodanganya ni hili: siku akaunti ya dola itakapokuwa sifuri kwa dola, baada ya kuthaminisha upya lazima iwe sifuri kwa shilingi pia. Ukikuta dola hazipo lakini shilingi 700,000 zinaelea, kuna kitu kimeandikwa kwa mkono mara mbili, au kuna uthaminishaji wa mwisho wa mwezi uliorukwa.

Kuthaminisha upya si hiari. Kiwango cha kimataifa cha uhasibu namba 21, ambacho kimo ndani ya viwango vinavyosimamiwa na NBAA, bodi ya wahasibu na wakaguzi wa hesabu, hapa kwetu, kinataka salio la fedha za kigeni lionyeshwe kwa kiwango cha siku ya kufunga hesabu, na tofauti iende kwenye faida au hasara. Kwa hesabu za mwaka ni lazima. Kwa kampuni ya safari ningefanya kila mwezi, maana kati ya Juni na Oktoba fedha zinapita kwa wingi na ukingoja Desemba hutakumbuka kitu. Chagua chanzo kimoja cha viwango ukishikilie. Viwango vya kila siku vya Benki Kuu ya Tanzania vinapatikana bure kwenye tovuti yake, na kwa kazi hii tumia kiwango cha kati. Zima ile huduma ya programu ya kuvuta viwango yenyewe, kama programu yako inaruhusu.

Tumefika kwenye yuro na dola. Programu haikuharibika ilipogoma. Programu ya QuickBooks, kwa mfano, hairuhusu sarafu mbili za kigeni ndani ya muamala mmoja: muamala ukiwa na sarafu mbili, mojawapo lazima iwe sarafu ya vitabu. Njia ya kupita ni akaunti ya kupitishia. Fungua akaunti mpya ya aina ya benki, kwa shilingi, uipe jina "Fedha zinazopita". Haipo benki. Ipo ili kuvusha uhamisho kama huu, na baada ya kila uhamisho lazima irudi sifuri.

Anza na upande uliopokea. Dola 4,560 kwa kiwango cha kati cha siku ile, 2,480, ni shilingi 11,308,800. Hiyo ndiyo thamani ya muamala wote. Hatua ya kwanza, hamisha yuro 4,000 kutoka akaunti ya yuro kwenda "Fedha zinazopita", na upande wa shilingi andika 11,308,800. Programu itakuambia kiwango ni 2,827.20 kwa yuro, ikubali. Hatua ya pili, hamisha 11,308,800 kutoka "Fedha zinazopita" kwenda akaunti ya dola, zipokewe dola 4,560. Tarehe iwe moja. Akaunti ya kupitishia imerudi sifuri, akaunti ya yuro imepungua 4,000 kama ilivyo benki, ya dola imeongezeka 4,560 kama ilivyo benki. Ikiwa yuro zako zilikuwa kitabuni kwa 2,850, yaani 11,400,000, hasara ni 91,200, na itajitokeza kwenye akaunti ya yuro, siku hiyo au mwisho wa mwezi, kulingana na aina ya programu.

Kosa ninalolikuta mara kwa mara hapa ni mtu kuweka kiwango cha Benki Kuu cha yuro kwenye hatua ya kwanza na kiwango cha Benki Kuu cha dola kwenye hatua ya pili. Vyote viwili ni viwango halali, lakini benki yako haikubadilisha yuro kwa dola kwa uwiano huo, hivyo akaunti ya kupitishia inabaki na elfu kadhaa. Mwezi ujao elfu nyingine. Mwisho wa mwaka mkaguzi anakuta salio la milioni mbili kwenye akaunti isiyokuwepo benki, na hakuna anayeweza kulieleza. Namba ya shilingi iwe moja kwenye hatua zote mbili.

Kama mna akaunti mbili za dola kwenye benki mbili tofauti, kuwa mwangalifu pia. Dola kwenda dola haizai faida wala hasara ya kubadilisha fedha, kwa kuwa hakuna kilichobadilishwa. Zikitoka 5,000 zikaingia 4,975, zile 25 ni ada ya benki iliyopitisha fedha njiani, na zinaandikwa gharama za benki. Programu ikikuonyesha hasara ya kubadilisha fedha kwenye uhamisho wa namna hii, angalia kama kiwango cha upande mmoja kimetofautiana na cha upande mwingine.

Fedha zikitoka siku moja na kuingia nyingine, tarehe za taarifa za benki ziheshimiwe. Ndani ya mwezi mmoja haina shida kubwa. Shida huja zikitoka Ijumaa tarehe ya mwisho na kuingia Jumatatu ya mwezi mpya. Hapo usilazimishe tarehe moja ili programu ifurahi, kwa sababu usuluhishi wa benki, yaani kulinganisha vitabu na taarifa ya benki, utakataa upande mmoja. Zipitishe kwenye akaunti ya fedha zilizo njiani, kwa sarafu ile iliyotoka, zionekane kwenye mizania kuwa ni zenu ingawa hazipo kwenye benki yoyote, kisha zikifika zitolewe.

Jambo moja zaidi kwa kampuni za safari, hata kama hukuliuliza. Amana ya mgeni iliyoingia Februari ina pande mbili kitabuni: dola zilizo benki, na deni la safari ambayo mgeni anakudai. Dola za benki unazithaminisha upya kila mwezi. Lile deni la safari, kwa kawaida, unaliacha kwa kiwango cha siku fedha zilipoingia, kwa kuwa utalilipa kwa kumpeleka mgeni Serengeti, hutalilipa kwa kumrudishia dola. Nimeona programu ambazo huthaminisha vyote kwa mkupuo mmoja kwa sababu amana ilifunguliwa kama akaunti ya dola. Safari ikighairiwa na mgeni akawa anadai dola zake, hapo ndipo deni hilo linageuka kuwa la fedha na kuanza kuthaminishwa.

Kuhusu kodi, mapato yanayotozwa yanahesabiwa kwa shilingi, ndiyo maana hizi tofauti haziwezi kufumbiwa macho. Kwa hiyo ile akaunti ya leja ya kubadilisha fedha niliyoitaja, nakushauri uigawe mbili: moja ya faida na hasara iliyokwisha patikana, yaani ya fedha ulizokwisha zibadilisha kama zile dola 10,000, na nyingine ya ile ambayo bado iko kitabuni tu, kama ile 240,000 ya dola zilizobaki. Zina matibabu tofauti wakati wa kukokotoa kodi, na mshauri wenu atakuuliza mgawanyo huo. Kuupata ukiwa umeandikwa mwaka mzima ni kazi ya nusu saa. Kuutafuta baada ya mwaka ni kazi ya siku nyingi. Na hii miamala haitapungua. Tangu kanuni za 2025 za matumizi ya fedha za kigeni zilipokataza bei na malipo ya ndani kwa fedha za kigeni, kampuni zinazopokea dola kutoka nje zinalazimika kuzigeuza shilingi mara nyingi zaidi ili kulipa wenye magari, wapishi na wenye hoteli.

Kama ulikuwa unafikiria kuwasha huduma ya sarafu nyingi kwenye faili jingine la kampuni, fanya nakala ya akiba kwanza. Kwenye QuickBooks ukishaiwasha huwezi kuizima, na akaunti yenye miamala haibadilishwi sarafu.

Yapo mambo ambayo usiyafanye peke yako. Ikiwa yale mapato ya dola 4,560 yameshaingia kwenye ritani ya VAT, au ulikuwa unaandika hivyo kwa miezi mingi na hesabu za mwaka zimeshakaguliwa, usifute kitu kwenye programu. Ritani iliyowasilishwa inarekebishwa kwa utaratibu wake, na ukibadilisha vitabu kabla ya ritani utabaki na vitu viwili visivyokubaliana na hakuna ushahidi wa ulichofanya. Vivyo hivyo mkiwa na mkopo wa dola, au mwenye kampuni akiwa anapitisha fedha za kampuni kwenye akaunti yake binafsi. Tafuta mhasibu aliyesajiliwa na NBAA au mshauri wa kodi aliyesajiliwa na TRA, ukae naye uso kwa uso. Arusha wapo, na Moshi pia wapo. Nenda na taarifa za benki za akaunti zote tatu kuanzia mwezi wa kwanza ulioandika hivyo, karatasi za benki za kila ubadilishaji zinazoonyesha kiwango, nakala za ritani, na faili la programu lenyewe. Mwombe aanze kwa kuorodhesha kila uhamisho ulioandikwa kama mapato, mwezi kwa mwezi, na bosi wako awepo mnapoipitia orodha hiyo.